Ukili Ulipovuka Goti

Jambo la kwanza mtu analoligundua kwa Kache Kalama ni kwamba mikono yake haijui kupumzika. Akikusalimu, anasuka. Akikukaripia, anasuka. Hata msibani, watu wakiwa wameshika tama, vidole vyake hukitafuta kipindo cha leso na kukisokota mpaka kikawa kamba. Mwenyewe husema alizaliwa na miyaa mkononi, na kwamba mkunga aliyempokea ndiye mtu wa kwanza kumpigia bei ya mkeka.

Jambo la pili ni kwamba hajawahi kukubali kushindwa. Ukimshinda kwa hoja, atakuambia hukusikia vizuri alichosema mwanzo. Twaiba, jirani yake hapo Tiwi anayeuza viungo vya pilau, hupenda kusema kwamba siku ya hukumu Kache ataomba kwanza asomewe kanuni zilizotumika.

Ndiyo maana watu walishangaa mwaka huu walipomwona amenyamaza. Kilichomnyamazisha kilikuwa jina.

Purity, mwanawe wa pekee, alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alikuwa mvulana, akapewa jina la babu mzaa baba, Tembo, na hapo hapakuwa na neno, kwa kuwa mtoto wa kwanza ni wa kwa baba. Matata yalianza na huyu wa pili. Kliniki walimpiga picha tumboni, lakini mtoto alikuwa amekunja miguu, hakuonyesha kitu.

"Ana adabu," Kache alisema. "Basi ni msichana."

Angekuwa mvulana, pande zote mbili zilikubaliana kwamba ni zamu ya kwa mama na ataitwa Kalama. Angekuwa msichana, hapo ndipo palipokuwa na moto. Kache alishikilia kwamba zamu huhesabiwa kwa tumbo: la kwanza la baba, la pili la mama. Mkwe wake, Mzee Tembo wa Kikoneni, baba yake Japheth aliyemwoa Purity, alishikilia kwamba wavulana wana zamu yao na wasichana wana yao, na msichana wa kwanza ni wa kwa baba hata akizaliwa nyuma ya wavulana tisa. Alitaka aitwe Kahaso, jina la mama yake.

"Kahaso!" Kache alimlalamikia Twaiba. "Kwa Tembo wamejaa akina Kahaso. Ukiita jina hilo wakati wa chakula wanainuka wanne na mbuzi mmoja."

Yeye alitaka Dama. Dama alikuwa mama yake, aliyemzaa Kache peke yake, kama Kache alivyomzaa Purity peke yake. Hapakuwa na dada wala binamu wa kulibeba jina lile. Na Purity alikwisha kutangaza: "Mama, hili ndilo tumbo la mwisho. Nikijifungua, nafunga duka." Kwa watu wao, marehemu asiye na wajina ni kama mgeni aliyefungiwa mlango; hana tena pa kuingilia nyumbani. Kache haogopi nyoka wala chifu, lakini alipofikiria mama yake amesimama nje akibisha hodi bila kujibiwa, ulimi ulimkauka.

Wazee wa pande mbili walikutana, wakanywa chai, wakala, wakaondoka bila jawabu. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo, ila walikula zaidi. Ndipo Mzee Tembo, aliyechoka kuwalisha, alipotuma ujumbe kwa mdomo wa mwanawe.

"Baba anasema," Japheth alianza, akimtazama kuku badala ya mama mkwe, "anasema maneno yameshindwa, basi ziamue karata. Ishirini na moja. Anasema karata hazina kwa baba wala kwa mama."

Twaiba, aliyekuwa akipepeta bizari upande wa pili wa ua, aliacha ungo. Kila mtu kuanzia Kikoneni mpaka Msambweni alijua kwamba Mzee Tembo hashindiki kwa karata. Alikuwa na pakiti moja ya tangu enzi, karata zimelainika kama leso kuukuu, na yeye ndiye aliyeshika benki daima, yaani yeye ndiye mgawaji na kila mtu hucheza dhidi yake.

"Mwambie nimekubali," Kache alisema.

Japheth alipoondoka, Purity alimgeukia mama yake. "Mama, kwani wewe unajua kucheza karata?"

"Nimesema nimekubali. Sikusema najua."

Sasa, katika vyumba ambavyo Kache hupangisha, kimoja kilikuwa na msichana wa bara aitwaye Caroline, kutoka Nakuru, ambaye kazi yake ilikuwa kugawa karata kwenye kasino moja ya Diani. Kwa miezi mingi Kache alidhani anagawa chakula. Alipojua ukweli alimwombea dua kidogo, kisha akaendelea kupokea kodi. Sasa alimbishia hodi akiwa na sahani ya muhogo wa nazi.

"Caroline, mwanangu. Wewe si unajua karata?"

"Mathe, hiyo si ndiyo job yangu?"

"Mimi si mathe, mimi ni mama. Kula muhogo. Kisha unifundishe nimpige mtu."

Caroline alicheka mpaka akapaliwa. Lakini aliposikia habari za Dama aliacha kucheka, akafuta mikono, akatoa pakiti ya karata chini ya mto.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Unapewa karata mbili, unaongeza moja moja ukitaka, na anayekaribia zaidi ishirini na moja ndiye mshindi. Ukipita hapo, umeungua. Mfalme, bibi na ghulamu, kila mmoja ni kumi. Ree ni moja au kumi na moja, upendavyo. Mwenye benki huweka karata yake moja wazi na nyingine huifunika. Mtoto hujifunza haya kabla uji haujapoa. Kazi ni kujua lini uongeze na lini utulie, na Kache hakujua kutulia.

"Nipe nyingine," alisema, akiwa na kumi na tano.

"Mama, cheki mimi niko na nini hapa. Sita. Unaona sita?"

"Naiona. Nipe nyingine."

Akapewa bibi. Akaungua.

"Si nimekuambia? Ukiona nimeonyesha nne, tano ama sita, mimi niko vibaya. Ni mgonjwa. Wacha nijiue mwenyewe. Wewe kazi yako ni kukaa."

Kache alilitafakari hilo. "Yaani ukimwona jirani anapanda mnazi ulioliwa na mchwa, humsukumi."

"Exactly! Humsukumi. Unakaa chini unangoja."

"Na akionyesha kubwa?"

"Saba kwenda juu, huyo ni mzima, atafika. Hapo hata ukiwa na kumi na sita unaongeza, ukitetemeka hivyo hivyo."

Kwa hiyo walisema hivyo: mgonjwa na mzima. Kila jioni Caroline alipokuwa hana zamu, walitandika mkeka barazani, na kelele za "Mgonjwa huyo, mwache!" zikasikika hadi njiani, mpaka mchungaji wa kanisa la jirani akaja kuuliza nani anaumwa. Twaiba naye alikuja kila jioni. Hakuja kutazama, alisema. Alikuja kuomba chumvi.

"Mnacheza kamari," aliwaambia, akijitafutia mahali pazuri pa kukaa. "Kamari ni haramu."

"Kamari ni ya pesa," Kache alijibu. "Sisi tunachezea korosho."

"Korosho si pesa? Nenda nazo sokoni uone."

"Twaiba, chumvi iko jikoni."

"Naijua ilipo. Nani kakuambia nina haraka?"

Baada ya majuma machache Kache alikuwa akicheza vizuri. Caroline hakuridhika. Kucheza vizuri, alieleza, kunakufanya ushindwe polepole, kwa sababu benki ina bahati yake ndogo inayokula kidogo kidogo, kama panya ghalani. Kumshinda mwenye benki kabisa kunahitaji jambo moja zaidi, lile ambalo wageni wakijaribu kule kazini kwake, mabaunsa huwashika mkono kwa upole wakawaonyesha mlango.

"Unahesabu zilizotoka," Caroline alisema, sasa akinong'ona ingawa walikuwa peke yao na Twaiba. "Ndogo zikitoka nyingi, zimebaki kubwa. Kubwa zikibaki, ni poa kwako, mbaya kwa benki. Hapo ndipo unaweka korosho nyingi. Zikibaki ndogo, unaweka moja tu."

"Hebu, huo si wizi?" Twaiba aliuliza.

"Wizi wapi? Karata anazitoa mwenyewe, anaziweka wazi. Kukumbuka ni dhambi?"

Twaiba alifikiri, akasema kukumbuka si dhambi, akaomba aelezwe tena kuanzia mwanzo kwa sababu alikuwa hasikilizi.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Ikitoka karata kuanzia mbili hadi sita, unaongeza moja. Ikitoka kumi, au yoyote yenye picha, au ree, unapunguza moja. Saba, nane na tisa huzijali. Lakini Kache hawezi kuhesabu na kusema kwa wakati mmoja, na hawezi kutosema. Walijaribu korosho: kila karata ndogo aweke moja mapajani, kila kubwa aondoe moja. Jaribio la kwanza hesabu ilitoka mbovu kabisa. La pili ikawa mbovu zaidi. La tatu Caroline akamtazama vizuri.

"Mama. Unakula."

"Nani, mimi?"

"Unakula hesabu!"

Kache aliangalia mapaja yake, ambayo hayakuwa na kitu isipokuwa maganda. "Basi unikaangie zisizo na chumvi," alisema.

Ilikuwa Twaiba aliyelitatua, bila kukusudia, maana alikuwa amechoka kuona vidole vya mwenzake vikihangaika. "Mpe miyaa yake asuke. Mwanamke huyu bila miyaa ni kama kuku bila mchanga."

Kache akauchukua ukili wake, ule ukanda mrefu wa miyaa iliyosukwa ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka, akaulaza juu ya paja. Ncha yake akaiweka sawa na goti. Ikatoka tatu. Akausukuma ukili mbele upana wa kidole. Ikatoka nne, kidole kingine. Ukatoka mfalme, akaurudisha. Akainua macho polepole.

Tangu siku hiyo hakukosea. Aliweza kusema habari za bei ya mchele, kuwatukana mbuzi walioingia shambani na kumuuliza Caroline ataolewa lini, na wakati huo ukili ukienda na kurudi pajani mwake kama unaojua kazi yake. Ukibaki nyuma ya goti, aliweka korosho moja na kupiga miayo. Ukivuka goti, aliweka kiganja kizima.

Lililobaki lilikuwa kanuni, na hapo Caroline alitoa shauri la mwisho. Katika mchezo wa Mzee Tembo, mwenye benki alisimama popote apendapo. Kwenye kasino hana hiari: lazima aongeze mpaka afike kumi na saba. Kache alimwita Japheth.

"Mwambie baba yako nimesikia kwamba katika mahoteli makubwa mwenye benki huchukua mpaka kumi na saba, ndiyo heshima ya mtu mzima. Lakini mwambie kama haiwezi hiyo, tucheze kienyeji tu, sitamlaumu."

Jibu lilirudi siku hiyo hiyo: Mzee Tembo hajaona kitu cha hoteli ambacho hakiwezi. Walikubaliana pia kwamba kila mmoja ataanza na kikombe kilichojaa korosho, pakiti itagawiwa mpaka iishe, mara tatu, na mwenye korosho nyingi mwishoni ndiye atakayemtaja msichana.

Walikwenda Kikoneni siku ya Jumapili baada ya ibada: Kache, Purity na tumbo lake, Caroline, na Twaiba aliyesema anakwenda kutazama bei ya pojo. Ua wa Mzee Tembo ulifagiliwa hadi ukang'aa. Watu walikuwa wamejaa, wengine juu ya ukuta.

"Shikamoo, mkwe," Kache alisema, ameinamisha kichwa.

"Marahaba, mkwe. Karibu. Jisikie nyumbani, hata ukishindwa."

Ukwe una adabu zake kwa watu hao. Mama wa msichana na baba wa mvulana hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kwa hiyo ilitandikwa mikeka miwili, na Kache akakaa upande upande kwenye wake, leso imefunika kichwa, macho chini, ukili pajani. Karata zake zilipelekwa na Japheth. Na kwa kuwa isingefaa mama mkwe akodoe macho upande wa wanaume, Japheth alipewa kazi ya kuitangaza kila karata iliyotoka, kwa sauti, ili asikie.

Caroline aliposikia hivyo ilibidi ainame afunge kamba za viatu. Alikuwa amevaa malapa.

"Baba ameonyesha tisa!" Japheth alitangaza. "Mama ana saba na bibi!"

"Mtazameni mkwe wangu," Mama Japheth aliwaambia wanawake, akipita na birika la chai. "Hata kope hainui. Na mikono haikai bure. Wasichana, jifunzeni."

Wasichana walijifunza. Ukili ulikwenda mbele, ukarudi nyuma.

Pakiti ya kwanza ilimtendea vibaya. Ree zilitoka mapema zote, zikaenda kwa mzee, naye akaanza kuimba. Kache aliweka korosho moja moja, akapoteza moja moja. Katika pakiti ya pili alipata kidogo, akapoteza kidogo. Mzee Tembo alizitupa karata kwa mbwembwe, akazigonga, akazipuliza.

"Mkwe, kikombe chako kinapata kiangazi," alisema, akiutazama mnazi wa uani kwa heshima. "Tumletee Kahaso maji?"

"Kahaso yupi, mkwe?" Kache aliuuliza ukili wake. "Mnao wengi, msije mkamnywesha mbuzi."

Ua mzima ukaangua kicheko. Purity akasema tumbo linamwuma, akaambiwa asicheke.

Ikaja pakiti ya tatu. Karata ndogo zilianza kutoka mfululizo kama mchwa baada ya mvua. Mbili, tano, tatu, nne, sita, tena tano. Ukili ukavuka goti, ukasonga, ukasonga. Kikombe cha Kache kilikuwa kimeshuka, ila kilikuwa bado kimepita nusu. Zilibaki karata chache mkononi mwa mzee, za kutosha mgawo mmoja tu, na Kache alijua, kama anavyojua sufuria iliyojaa kwa kuinyanyua tu, kwamba nyingi ni nzito. Alivuta pumzi ili aweke korosho zote; zikizaa mara mbili, zitazipita za mzee.

Wakati huohuo Mama Japheth, aliyeguswa moyo na bidii ya mgeni wake, akachuchumaa karibu naye.

"Hebu niuone huo ukili, mkwe. Mungu akubariki, mikono gani hii!"

Akauchukua. Adabu haikuruhusu kumkatalia. Akauvuta wote, akaunyoosha kwenye mwanga, akawaonyesha wanawake wa kulia, kisha wa kushoto. Ulikuwa ukili mbaya kuliko wote ambao Kache aliwahi kuusuka, umepinda, una mashimo, lakini waliusifu mmoja mmoja, kwa zamu. Kisha Mama Japheth akaurudisha, akauviringisha vizuri, akauweka mapajani mwa Kache kama andazi.

Kache aliutazama. Ulikuwa umevuka goti, hilo alikumbuka. Kwa kiasi gani? Vidole vitatu au kiganja? Alikuwa amemsikiliza Japheth kwa masikio na kuuachia ukili ukumbuke, na sasa ukili hauna kitu. Kwa vidole vitatu, ni upumbavu kuweka kikombe kizima. Kwa kiganja, ni upumbavu kutokiweka. Alimwona mama yake amesimama nje ya mlango, mkono umeinuliwa kubisha.

"Mkwe anawaza," Mzee Tembo aliuambia mnazi. "Awaze. Kahaso hana haraka."

Hapo Twaiba alisimama. Alikuwa amekaa ameipa mgongo ile mikeka miwili, ili kila mtu aone kwamba hatazami. Alipita katikati ya wanawake, akainama, akauviringua ukili.

"Mama Japheth, samahani sana," alisema. "Kitu cha mtu ni amana. Amana hurudishwa kama ilivyochukuliwa. Sisi kwetu tumefundishwa hivyo." Akaulaza ukili juu ya paja la Kache, akausukuma, akaupima kwa jicho moja, akausogeza kidogo tena, mpaka ncha ikalivuka goti kwa shubiri nzima. "Ulikuwa hapa."

"Twaiba," Kache alinong'ona, "wewe si hutazami?"

"Sitazami. Ninasikia tu. Mume wa binti yako ana sauti."

Kache akainua kikombe chake na kukimimina chote mkekani.

Watu wa uani wakasogea. Hata wa ukutani wakashuka. Mzee Tembo akagawa. Japheth alitangaza kwa sauti iliyoanza kukwaruza: "Mama ana nane na nne! Baba ameonyesha sita!"

Kumi na mbili. Wanawake wote wa Kikoneni walishindwa kujizuia. "Chukua, mama! Kumi na mbili ni nini? Chukua!" Mkono wa Kache ulitaka kunyanyuka. Maisha yake yote mkono huo haujawahi kuambiwa ukae ukakaa. Alitazama pembeni, akamwona Caroline ameuma kidole, na bila kutoa sauti midomo yake inasema: mgonjwa.

"Nimetosheka," Kache alisema.

"Umetosheka na kumi na mbili?" Mzee Tembo alisahau, akamtazama usoni. "Mkwe, una homa?"

"Mimi mzima, mkwe."

Mzee akafunua karata yake ya pili. Ulikuwa mfalme. "Kumi na sita!" alipaza sauti, akainua mikono, na watoto wake wakaanza kupiga makofi. "Kumi na sita kwa kumi na mbili! Kahaso, njoo uwasalimie watu!"

Wakaja wanne.

"Baba," Japheth alisema, amekodolea vidole vya miguu yake, "haijafika kumi na saba."

"Nini?"

"Sheria za hoteli. Mwenye benki anachukua mpaka kumi na saba. Wewe ndiye uliyesema nikawaambie."

Mzee Tembo aliutazama ule mnazi kwa muda, lakini mnazi haukuwa na la kusema. Watu walikuwa wakimtazama yeye. Alikuwa ameisifia sheria hiyo juma zima, kwa kinyozi, kwa wauza kahawa, kwa chifu. Akatoa karata iliyofuata kama mtu anayejing'oa jino.

Japheth aliiangalia. Akaigeuza ili watu waione.

"Ghulamu," alisema. "Ishirini na sita. Baba ameungua."

Kelele zilizofuata ziliwatoa kuku mpaka ng'ambo ya barabara. Twaiba, ambaye hakuwa akitazama, aliruka juu na kupiga kigelegele kirefu kuliko wote, kisha akakumbuka, akauliza kwa upole kama pojo zimepanda bei. Caroline alimkumbatia Kache mpaka leso ikaanguka. Na Mzee Tembo, inafaa asifiwe kwa hilo, alizikusanya karata zake laini, akazipanga, kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Akiwa msichana, ni Dama. Mimi Tembo nimesema."

Akiwa msichana. Kache aliyasikia maneno hayo usiku ule na kila usiku baadaye. Jina lilikuwa lake sasa, alilishinda mbele ya watu, lakini lilikuwa kama nguo iliyoshonwa kabla ya mwenyewe kupimwa. Angekuwa mvulana, ataitwa Kalama bila ugomvi, na Purity atafunga duka, na Dama atabaki nje. Hilo hapakuwa na hesabu ya kulisukuma mbele wala nyuma.

Leo asubuhi Purity alipelekwa hospitali ya Msambweni uchungu ulipomshika. Japheth anatembea kutoka getini hadi kwenye bomba la maji na kurudi. Mzee Tembo amekuja kutoka Kikoneni na kanzu safi, akakaa kwenye benchi la mbali, amemgeuzia mkwewe ubavu kama inavyotakiwa. Kache yuko benchi la karibu na mlango. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, mikono yake imelala mapajani bila kazi.

Twaiba, aliyekuwa ameketi kando yake, alimshika mkono mmoja, akakuta umepoa.

"Hebu liseme," alimwambia. "Ulisikie lilivyo."

Kache alitazama kushoto na kulia. Kisha akalisema polepole, kama mtu anayemwita mtoto aliyeko upande wa pili wa ua, bila kutaka kuwaamsha wengine.

"Dama."

Mzee Tembo, bila kugeuka, alikohoa. "Usimwite mapema hivyo, mkwe. Atakuja mbio aanguke."

"Mkwe, wewe unaomba nini huko?"

Mzee alinyoosha kanzu yake magotini. "Akina Kahaso ninao wanne," alisema. "Naomba Dama mmoja. Sijamwona."

Nyuma ya mlango sauti ya muuguzi ilipanda, ikamwambia mtu asukume, asukume tena. Wote watatu wakasimama kwa pamoja. Mlango bado ulikuwa umefungwa.